PM ni nini hasa? Herufi mbili zilizomlaza mama yangu mdogo kwenye benchi

Karani wa Temeke

Wakuu, salaam kwenu nyote. Uzi huu ni mrefu, kwa hiyo anayeufungua naomba aketi vizuri.

Mimi ni mtu wa steshenari. Kutwa nachapa barua za maombi ya kazi, mikataba ya pango, kadi za mialiko na matangazo ya kubandika ukutani, na kwa kuwa ninachapa maneno ya watu wengine, nimezoea kuona yale ambayo mwandishi mwenyewe hayaoni. Majuzi dalali wa nyumba aliniletea kipande cha karatasi kilichoandikwa hivi: "Chumba na sebule, 150,000 pm, kuona ni kuanzia saa 8 pm, aliye tayari aje PM." Nilikisoma mara mbili kabla ya kugusa kibodi. Katika mstari mmoja herufi P na M zimekaa pamoja mara tatu, na kila mara zina maana yake: kwanza ni kwa mwezi, kisha ni upande wa siku, mwisho ni ujumbe wa faragha. Nikamwuliza kama hiyo saa 8 pm ni saa nane ya mchana, au ni ile ambayo Wazungu huiita nane na sisi tukaiita saa mbili usiku. Akanijibu, "Saa nane, karani, saa nane ya kawaida." Nikaandika "saa nane mchana", naye akaondoka ameridhika. Mimi sikuridhika, kwa sababu swali hilohilo limekwisha kuigharimu familia yangu.

Mwaka jana mama yangu mdogo, mkazi wa Kibiti, alipangiwa kliniki ya macho katika hospitali moja hapa jijini ambayo sitaitaja. Siku tatu kabla ya miadi alipokea ujumbe kwenye simu: "Unakumbushwa kufika kliniki Alhamisi saa 2 PM." Mama mdogo anajua kusoma, ila PM hakuijua, akamwuliza mjukuu wake aliye kidato cha pili. Mjukuu akamjibu kwa usahihi kabisa kwamba PM huanzia saa sita mchana na kuishia saa sita usiku. Mama mdogo akahesabu kwa vidole: saa saba, saa nane, saa tisa, saa kumi, kumi na moja, kumi na mbili, saa moja, saa mbili. Katika kipande hicho cha siku saa mbili ni moja tu, nayo ni ya usiku. Alishangaa kidogo kusikia macho yanatazamwa usiku, akajiambia kwamba huenda wagonjwa ni wengi na madaktari wamegawana zamu, akapanda basi la mchana. Alifika getini saa moja na nusu usiku, akiwa amewahi. Mlinzi akamweleza kwamba kliniki ilikwisha kufungwa tangu jioni. Simu yake ilikuwa imezima chaji, na kwangu hakupajua usiku, basi akalala kwenye benchi nje ya dirisha la mapokezi, amejifunika upande mmoja wa kanga. Asubuhi walimwambia kwamba jina lake liliitwa saa nane, hakuitika. Miadi mipya ilikuwa baada ya wiki sita.

Naomba mwitazame hesabu yake kwa makini, kwa sababu kila niliyemsimulia kisa hiki alianza kwa kusema kwamba bibi hakuelewa. Alielewa. Alipewa tarakimu akaisoma kwa Kiswahili, kama neno "saa" lililotangulia lilivyomwelekeza, kisha akapewa kifupisho akakitafutia maana kwa mtu aliyesoma, na maana aliyopewa ilikuwa sahihi. Alipoviunganisha vyote viwili alipata jibu moja tu, nalo halikuwa na kasoro yoyote ya hesabu. Kosa lilikuwa la aliyeandika.

PM ya saa inatokana na maneno ya Kilatini post meridiem, yaani baada ya adhuhuri, na mwenzake AM ni ante meridiem, yaani kabla ya adhuhuri. Wenye kifupisho hiki huikata siku mahali pawili: jua linapokuwa utosini, na tena katikati ya usiku. Sisi tunaikata kwingine. Hesabu yetu huanza jua linapochomoza na kuanza upya linapozama, ndiyo maana saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana kutimia, na saa moja usiku ni saa ya kwanza ya giza kutimia. Waethiopia nao huhesabu hivyo. Ni hesabu inayofaa sana karibu na ikweta, kwa sababu hapa Dar es Salaam tofauti kati ya siku ambayo jua huwahi zaidi kuchomoza na siku ambayo huchelewa zaidi haifiki saa nzima katika mwaka, wakati kule London tofauti hiyo inazidi saa tatu. Mtu wa pwani anayesema "saa moja asubuhi" anasema jambo ambalo jua lenyewe linamshuhudia.

Sasa tazameni PM inavyoketi juu ya hesabu hiyo. Inaanzia kwenye saa sita yetu ya mchana, inapanda hadi kumi na mbili ya jioni, kisha hesabu yetu inarudi kwenye moja ilhali PM bado inaendelea hadi saa sita ya usiku. Ni kama mtu aliyelala juu ya vitanda viwili vilivyoachana. Hospitali ilichukua mbili ya Kizungu ikaitanguliza neno "saa", na dalali wangu alichukua nane ya Kiswahili akaivika PM. Makosa haya mawili yanakwenda pande tofauti, lakini kwenye karatasi yanafanana kabisa, na msomaji hana njia ya kujua yuko mbele ya lipi.

Maana nyingine za PM hazina madhara ya namna hiyo, na baadhi yake nazipenda. "Njoo PM" imekwisha kuwa Kiswahili. Sikilizeni watu wanavyoinyumbulisha: niPM, nimekuPM, usijibu hapa nakuja PM. Asili yake ni maneno ya Kiingereza yenye maana ya ujumbe wa faragha, na ina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa mfumo wa mazungumzo wa IRC ulioanzishwa na Jarkko Oikarinen nchini Ufini mwaka 1988 ulikuwa na amri iliyoitwa PRIVMSG, ambayo maelezo yake ya kitaalamu yalichapishwa mwaka 1993. Mitandao iliyofuata ilileta majina yake, wengine wakasema DM, wengine wakasema inboksi, lakini waliozoea majukwaa ya kuandikiana kwa urefu wamebaki na PM yao. Hapo kifupisho kiko nyumbani kwake: anayekiandika na anayekisoma wameketi mkeka mmoja.

Vivyo hivyo kwa Waziri Mkuu. Anayefungua faili la Tanganyika la Desemba 1961 akakuta PM, huyo ni Mwalimu Nyerere. Akifungua la Machi 1962, ni Rashidi Kawawa. Kenya, faili la mwanzo wa 1964 linamtaja Jomo Kenyatta, na gazeti la 2010 linamtaja Raila Odinga. Tarehe ya juu ya karatasi inamaliza utata wote.

Hoja yangu, wakuu, si kwamba tuvipige marufuku vifupisho. Naomba tukubaliane juu ya jambo moja: PM isikae mbele ya saa inayoandikwa kwa Kiswahili. Naomba kuwasilisha.

Kijana wa Sinza

Kaka karani, nakupa pole kwa yaliyompata mama mdogo. Hata hivyo naona unakibebesha kifupisho mzigo ambao si wake peke yake. Sisi tuliokua na simu za kubonyeza tulijifunza kufupisha kwa sababu ya ufinyu wa nafasi na ukali wa bei. Ujumbe mfupi wa simu uliwekewa kikomo cha herufi 160, nafasi na nukta zikiwemo, na ukizidisha hata herufi moja ulikatwa gharama ya ujumbe wa pili. Ndipo tulipoandika "cjui" kwa sijui, "m2" kwa mtu, "ki2" kwa kitu na "2po" kwa tupo. Ujumbe wa kwanza kabisa wa aina hiyo ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992 kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye simu, nao ulikuwa salamu ya Krismasi. Tangu hapo dunia nzima imekuwa ikibana maneno.

Tena utazame "m2" kwa jicho la karibu. Tarakimu 2 haisomwi "mbili", inasomwa kwa matamshi ya Kiingereza ili itoe silabi ya Kiswahili "tu", na herufi C katika "cjui" inasomwa kwa jina lake la Kiingereza ili itoe "si". Mtoto wa darasa la sita aliyegundua hivyo alikuwa anachezea mifumo miwili ya sauti kwa wakati mmoja bila kufundishwa na mwalimu yeyote. Mimi naona huo ni ufundi wa lugha, na mama yangu mzazi, ambaye si msomi, alijifunza kuusoma kwa mwezi mmoja. Kwa nini PM isijifunzwe vivyo hivyo? Msomaji anatazama muktadha. Hakuna kliniki ya macho inayofunguliwa saa mbili usiku.

Karani wa Temeke

Mdogo wangu, umeeleza vizuri, na hilo la tarakimu mbili kusomwa kwa masikio ya Kiingereza sikuwa nimelifikiria. Nakubaliana nawe kwamba "m2" ni ufundi. Lakini ona tofauti. Anayekutana na "m2" akashindwa kuisoma anajua kwamba ameshindwa, na atauliza. Mama mdogo alikutana na "saa 2 PM" akafaulu kuisoma. Alipata maana kamili, iliyonyooka, isiyo na pengo la kumfanya aulize tena. Kifupisho kisichoeleweka ni usumbufu; kinachoeleweka vingine ndicho kinachomlaza mtu benchini.

Na juu ya muktadha, nikuulize: wewe unajua kwamba kliniki hazifunguliwi usiku kwa sababu umekulia mjini. Mtu anayesafiri kutoka Kibiti kuja hospitali kubwa mara moja katika miaka mitatu, anayesikia kwamba huko kuna vipimo usiku na mchana na wauguzi wa zamu, muktadha huo ataupata wapi? Gharama ya herufi unazosema zimebanwa, kuna mtu mwingine aliilipa, tena kwa nauli ya basi kwenda na kurudi.

Muuguzi Mstaafu

Wanangu, hamjambo. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, na nimesoma uzi huu nikikumbuka maana moja ya PM ambayo karani hakuitaja, labda kwa sababu ya adabu.

Kwetu hospitalini na kwa polisi, PM ni uchunguzi wa maiti. Nayo ni Kilatini, post mortem, baada ya kifo. Neno la kwanza ni lile lile la kwenye saa, "baada", na kinachobadilika ni la pili. Katika daftari la wodi utakuta muuguzi wa zamu ameandika dawa itolewe saa fulani PM, na ukurasa wa pili, kwa kalamu ileile, mwili umepelekwa kwa ajili ya PM. Sisi wenyewe hatukuchanganya hata siku moja, kwa sababu tulifundishwa pamoja na tuliandikiana wenyewe kwa wenyewe.

Shida ilitokea pale karatasi ilipotoka mikononi mwetu. Nakumbuka baba mmoja aliyekabidhiwa karatasi ya ndugu yake aliyefariki kwa ajali, imeandikwa kwamba PM itafanyika kesho yake. Akafahamu kwamba mwili utatolewa kesho mchana, akawapigia simu watu wa kijijini, wakachimba kaburi, wakapika, watu wakakaa kitako wakingoja. Mwili haukutoka siku hiyo. Nilipomweleza maana yake alinitazama kwa muda mrefu, kisha akaniambia, "Mama, si mngeandika tu kwamba mnamchunguza?" Maneno hayo sijayasahau. Kuanzia siku ile karatasi yoyote iliyokwenda kwa ndugu wa marehemu niliiandika kwa Kiswahili kirefu, hata daktari alipolalamika kwamba nachelewesha foleni.

Karani, mpe mama yako mdogo pole yangu.

Karani wa Temeke

Shikamoo mama. Pole zako zitafika, na kisa chako nimekisoma mara tatu. Umekiweka sawa kuliko mimi: nyinyi hamkuchanganya kwa sababu mlifundishwa pamoja. Kila kifupisho kina ukoo wake, na ndani ya ukoo huo hakimpotezi mtu.

Mtani wa Bujumbura

Ndugu zangu wa Tanzania, nawasalimu. Huku kwetu, sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa, kisa kinageuka kichwa chini miguu juu, nami nimeona niwaletee.

Ujumbe wa faragha kwa Kifaransa ni message privé, kwa hiyo kifupisho chake ni MP, si PM. Nilipojiunga na majukwaa ya Kiswahili niliandika kwa nia njema kabisa, "Kaka, nije MP?" Mwenzangu wa Mwanza akanijibu, "Unataka kugombea jimbo gani?" Alikuwa anauliza kwa dhati, kwa sababu kwenu MP ni mbunge. Na PM kwangu mimi ilikuwa ni Waziri Mkuu tu, kwa kuwa Kifaransa, Premier ministre, kinaleta herufi zilezile za Kiingereza. Kwa hiyo waziri mkuu tunakutana, ila ujumbe wa faragha tunapishana mlangoni.

Juu ya saa sina mgogoro, maana katika maandishi ya Kifaransa hatutumii AM wala PM. Saa nane yenu ya mchana tunaiandika 14h00, na hakuna anayeweza kuidhania ni ya usiku, kwa sababu tarakimu 14 haipo katika hesabu ya saa kumi na mbili. Karani, umewahi kuifikiria njia hiyo?

Mjukuu wa Unguja, Muscat

Assalaam aleikum. Babu yangu alizaliwa Unguja, mimi nimezaliwa Oman, na nyumbani tunazungumza Kiswahili hadi leo. Napenda kuongeza jambo kuhusu Kiarabu, kwa sababu nacho kina herufi yake yenye kazi nyingi.

Kwa Kiarabu upande wa jioni huandikwa kwa herufi moja tu, mim, ambayo ni mwanzo wa neno masaa, yaani jioni, na upande wa asubuhi huandikwa kwa herufi sad, kutoka sabah. Lakini mim hiyohiyo, ikiwekwa baada ya mwaka, ni miladi, yaani mwaka wa Kikristo. Ikiwekwa baada ya urefu, ni mita. Na mbele ya jina la mtu, ni mhandisi. Anayesoma Kiarabu hutazama kilicho kando ya herufi: ni saa, ni mwaka, ni kipimo au ni jina?

Na kuhusu hesabu ya kuanzia machweo ambayo karani ameieleza, marehemu babu aliniambia kwamba usiku ndio unaotangulia siku. Kwake yeye "usiku wa Ijumaa" ulikuwa ule ambao mimi nauita Alhamisi usiku, kwa sababu siku ya Kiislamu huanza jua linapozama. Tuliwahi kukosana naye juu ya usiku wa arusi ya shangazi. Naona Waswahili walikwisha kulitatua hilo kwa maneno mazuri kuliko lugha nyingi, maana mkisema "usiku wa kuamkia Ijumaa" hakuna mtu wa dini yoyote anayebaki na shaka.

Mwalimu wa Sayansi

Nitakuwa mfupi. Herufi kubwa na ndogo ni jambo la kweli katika fani yetu, na matangazo ya mtaani yanazichanganya ovyo. Pm, yenye P kubwa na m ndogo, ni promethi, elementi ya 61, ambayo ni ya mionzi. Zote zikiwa ndogo, pm, ni pikomita, yaani sehemu moja ya mita iliyogawanywa kwa milioni milioni. Zote zikiwa kubwa na kufuatwa na tarakimu, PM2.5, ni chembechembe za hewani zenye kipenyo kisichozidi maikromita 2.5, ndogo mno kuliko unene wa unywele, zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu.

Hii ya mwisho naomba isipuuzwe, kwa sababu wananchi wanaanza kuiona kwenye simu zao. Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake cha mwaka mzima hadi maikrogramu 5 kwa mita ya ujazo mwaka 2021, kutoka 10 ya mwaka 2005, na huko Kampala mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere unavipima viwango hivyo kwa vifaa vilivyofungwa mitaani. Mzazi mmoja aliniuliza kama "PM 2.5" ni saa nane na nusu ambapo hewa huwa chafu. Swali lake lilikuwa la haki kabisa, na kama nisingeulizwa ningeendelea kuziandika ubaoni bila kuzieleza.

Kijana wa Sinza

Kaka karani, nimesoma kisa cha mama muuguzi, nami narudi nyuma hatua moja. Kwenye saa umenishinda. Ila niulize la mwisho: vipi 12 PM? Hiyo nimewaona hata wenye Kiingereza chao wakiibishania.

Karani wa Temeke

Nashukuruni nyote. Nianze na swali la mdogo wangu, kwa kuwa linagusa mzizi.

12 PM ndiyo inayoonyesha kwamba hata kwao kifupisho hiki kina ufa. Adhuhuri yenyewe haiwezi kuwa kabla ya adhuhuri wala baada ya adhuhuri, ni adhuhuri. Kwa mazoea ya leo 12 PM ni saa sita mchana na 12 AM ni saa sita usiku, lakini mazoea hayo hayatokani na maana ya maneno yenyewe, na ndiyo sababu watu makini wanaoandika Kiingereza huepuka vyote viwili wakaandika neno la adhuhuri au la usiku wa manane. Hapa nimeshuhudia madhara kwa macho yangu. Mteja wangu mmoja alikuja kuchapisha tiketi ya ndege iliyoonyesha Jumapili 12:15 AM. Alikuwa amejipanga kwenda uwanjani Jumapili usiku. Nilimwambia asubiri kidogo, nikachukua kalamu nikaandika pembeni ya karatasi yake, "Saa sita na robo usiku, usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili." Alisimama pale kaunta akahesabu siku kwa vidole, kisha akatoka mbio, kwa sababu siku aliyokuja ilikuwa ni Jumamosi yenyewe, saa kumi jioni. Ndugu yetu wa Muscat, yale maneno "kuamkia" uliyoyasifu ndiyo yaliyomwokoa mtu huyo.

Mtani wa Bujumbura, 14h00 yenu naikubali kwa nusu. Kwa mtu aliyezoea ratiba za mabasi na simu ya kisasa ni dawa kamili. Hata hivyo mama mdogo hana 14 kwenye hesabu yake, na simu yake, hata ukiiweka Kiswahili, inaonyesha saa ya Kizungu ambayo yeye huibadilisha kichwani kwa kuondoa au kuongeza sita. Kumpa 14 ni kumpa hesabu nyingine ya kufanya. Nimeonelea tuandike zote mbili, lakini ya Kiswahili itangulie.

Nimefikia hapo baada ya kuipeleka barua hospitalini. Sikwenda kugombana. Nilichapa ukurasa mmoja, nikaeleza kisa bila jina la mgonjwa, nikaambatanisha mfano wa ujumbe ninaoupendekeza, nikaukabidhi masijala na kupigiwa muhuri wa kupokelewa. Afisa aliyeipokea aliisoma palepale akiwa amesimama. Akaniambia kwamba ujumbe ule hutumwa na programu iliyonunuliwa ikiwa tayari, na kwamba saa imeandikwa na programu yenyewe, wao wameongeza maneno ya Kiswahili tu kuizunguka. Nikaelewa ndipo "saa" ilipokutana na "2 PM": hakuna mtu aliyeiandika sentensi ile nzima. Mmoja aliandika mwanzo, mashine ikaandika mwisho, na hakuna aliyeisoma yote pamoja kabla ya mama mdogo.

Mfano nilioupeleka ni huu, na mwenye kuutaka auchukue bila kuniomba: "Unakumbushwa kufika kliniki ya macho siku ya Alhamisi, saa nane mchana (14:00). Ukiwa na swali, piga namba hii." Nimehesabu herufi zake, nafasi na nukta zikiwemo, na hazifiki 160. Mdogo wangu wa Sinza, nimekufikiria wewe nilipokuwa nikihesabu.

Hospitali bado haijanijibu. Wiki ya tatu imeingia, na nimepanga kwenda kuulizia Jumatatu asubuhi. Dukani kwangu nimeanza mwenyewe: karatasi yoyote inayokuja na PM mbele ya saa, namwuliza mteja swali moja, jua litakuwa wapi? Wengi hunyoosha mkono, mmoja kuelekea juu, mwingine kuelekea magharibi, nami nachapa kile mkono ulichosema.